Simba Alikataa Siku Mbili

Leo nimetoka dukani bila chakula cha mbwa, na machozi nusura yanitoke mbele ya watu.

Ni duka la vyakula vya mifugo, hapa Donholm. Muuzaji amechota unga wa mbwa kwenye gunia lililo wazi. Nimenusa. Ukungu mtupu.

"Aii mathe, si ni ya mbwa tu?"

Nikageuka kuondoka. Maneno hayo nimeyajua tangu miaka ya themanini, nikiwa msichana wa shule kule Makadara.

Siku hizo mahindi yakiota ukungu hayakutupwa. Yalisagwa, yakauzwa kama unga wa mbwa. Mama akanunua. Mimi nikampikia Simba, mbwa wetu, nikamwagia na supu ya mifupa.

Simba akanusa, akaenda kulala.

"Anaringa huyu," nikasema. "Njaa ikimshika atakula." Nikamwachia sahani ileile.

Siku ya pili akakataa tena. Ya tatu akala, huku akinitazama.

Hata wiki haikuisha. Macho yakawa manjano, ufizi pia, akatapika damu, akafa. Daktari wa mifugo aliuliza kitu kimoja tu: "Mlimpa unga gani?"

Nyinyi mnaofuga, huwa mnanusa kabla ya kulipa? Nunueni mfuko uliofungwa, someni tarehe. Na mbwa akikataa chakula, jamani, msiseme anaringa.

Siku mbili nzima Simba alikuwa akiniambia. Mimi nilikuwa nangoja njaa imshinde.