Miji Mitatu Bila Ng'ombe

Miaka ile ya ujamaa nilipelekwa katika msafara wa wanafunzi kuona Moscow, Prague na Berlin. Miji hiyo tuliimaliza kwa siku tano, sehemu kubwa tukiionea dirishani mwa basi. Niliporudi Tarime nilikuta mama amekonda kwa hofu kwamba siku moja nitakwenda kuoa huko moja kwa moja.

Nikaanza kusimulia majumba. Baba akanikatiza.

"Ng'ombe wao wakoje?"

"Sikuona hata mmoja, baba."

"Miji mitatu! Sasa mahari wanalipa nini?"

"Hawalipi. Wanaandikishana tu ofisini."

"Bure?" Baba aliwahurumia kweli.

Mama akaweka mwiko chini. "Umesikia, baba yake? Bure! Huyu tumempoteza."

Jumapili baba alikwenda kijiji cha Matongo kunitafutia mchumba. Mama alimsindikiza mpaka njiani, akiimba.