Dada Hakuleta Karatasi

Katika kanisa letu pale Ilembo, watu wawili wakitaka kuoana hawatangazwi mpaka walete majibu ya kipimo cha virusi vya ukimwi. Utaratibu huo haujaandikwa popote. Niliuliza nikiwa kidato cha nne, nikaambiwa nisubiri nikue. Nikauliza tena nilipomaliza chuo, nikaambiwa chuo kimeniharibu. Wachumba wanapima, wanarudi na bahasha, na bahasha inafunguliwa mezani mbele ya mchungaji na wazee wanne wa kanisa. Majibu yakiwa mazuri, Jumapili inayofuata wanatangazwa. Yasipokuwa mazuri hakuna anayesema kitu, na kwa kuwa kila mtu alishajua bahasha imepelekwa, kimya hicho kinamaliza kazi.

Dada yangu alikuwa ameishi na virusi miaka sita alipochumbiwa. Dawa hakuwahi kuziacha. Vipimo vyake vya kliniki vilionyesha virusi vimefubaa kiasi cha kutoonekana, na mshauri wa pale alimkalisha yeye na mchumba wake akawaeleza maana yake: akiendelea hivyo na dawa, hamwambukizi mwenzake. Mchumba, fundi seremala mwenye maneno machache, aliuliza maswali mawili tu, moja kuhusu watoto. Akajibiwa. Akapima na yeye, akakutwa hana. Akasema, basi twende tukaangalie mabati, maana walikuwa wanajenga.

Kwa hiyo waliopaswa kujua walikuwa wanajua. Mama alijua, na mimi nilijua. Mama alitaka bahasha ipelekwe yaishe. Alisema mchungaji ni mzazi, atatufichia.

“Mchungaji sawa,” dada akasema. “Lakini wazee wanne wana wake wanne, mama.”

Mimi nilienda kutafuta sheria ya ukimwi. Nilisoma sosholojia, si uanasheria, ila kusoma najua. Nikakuta imesema kwamba mtu hupima kwa hiari yake, kwamba majibu ni ya aliyepima, na kwamba kuyatoa kwa mwingine bila ridhaa yake ni kosa. Sheria hiyohiyo inamtaka anayejua ana virusi amwambie mwenzi wake, na hilo dada alishalifanya kabla sijafungua ukurasa wa kwanza. Sitaki nionekane naiabudu. Ina vifungu vinavyoweza kumfikisha mgonjwa mahakamani, na kwa miaka mingi ilimzuia kijana wa miaka kumi na sita kupima bila mzazi wake, mpaka ilipokuja kurekebishwa. Tena hakuna sheria inayopanda pikipiki kwenda kijijini Mwese kumwambia mkulima ana haki gani. Lakini safari hii ilikuwa upande wetu, nikaona ujinga kutoitumia.

Siku ya kikao niliingia kama ndugu wa bibi harusi, na kurasa tatu nilizozichapisha stesheneri, mistari muhimu nimeipaka rangi ya njano. Waliposema walete bahasha, nikasimama. Niliongea vizuri, hilo siwezi kulikana. Nilisoma kifungu kwa kifungu, nikauliza ni nani aliyewapa wazee mamlaka ya daktari, nikauliza kama na wao wako tayari kuweka majibu yao mezani, kila mmoja na mkewe. Mzee mmoja akakohoa. Mchungaji akaangalia saa.

Mzee aliyekuwa na kazi ya kusoma majibu, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akaniacha nimalize. Kisha akasema, “Asante, binti. Mimi naona tu kwamba mtu asiye na kitu mfukoni haogopi kupekuliwa.”

Chumba kizima kikamgeukia dada.

Mpaka leo nikikumbuka naona nilivyokuwa nimesimama na makaratasi yangu. Mahali ambapo kila mtu analeta bahasha, anayetaja sheria ameshakiri. Nilikuwa nimetumia sheria ya kulinda siri kuitangaza siri yenyewe, na nilifanya hivyo kwa sauti nzuri, na mifano. Tulipewa wiki moja tulete bahasha.

Tulipofika getini kwetu dada akageuka.

“Wewe ulitaka kushinda,” akasema. “Mimi nilitaka kuolewa.”

Siku mbili baadaye, bombani, wanawake walianza kumpa pole. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na msiba. Ilikuwa pole tu, ya sauti ya chini, ya mtu anayetaka kuona utajibuje. Dada alikuwa akijibu, “Pole ya nini tena, na mwenye ndoo kichwani ni wewe?” kisha anajaza maji yake anaondoka. Kwaya alienda kama kawaida. Nyumbani alikuwa halali vizuri. Mchumba akamwambia kuna ndoa ya serikali, akamjibu kwamba amebatizwa katika kanisa lile na hataki kuondoka kama mwizi. Niliomba msamaha. Alisema ameusikia, ila kikao kijacho nisifungue mdomo.

Kikao cha pili mama alikuja na sisi. Alivaa kitenge chake cha Krismasi na njia nzima alimsihi dada awape tu hiyo karatasi. Nilibana midomo.

Mzee mpole alikuwa amelainika. Akasema hawataki kumwaibisha mtu, bahasha waiache, walete tu kadi ya kliniki wazee waiangalie na kuirudisha palepale. Waangalie tarehe, muhuri, basi. Nilimwona mama akiinua kichwa aliposikia neno muhuri.

Hapo inabidi nieleze kitu. Mama alikulia katika makazi ya wakimbizi, mtoto wa watu waliovuka kutoka Burundi. Wakati ule mtu hakutoka kwenye makazi bila kibali chenye sababu, tarehe na muhuri. Uraia waliupata baadaye sana. Huwa hasimulii. Siku hiyo alisimama bila kuombwa, na mwanzoni Kirundi kilimtangulia, ikabidi aanze upya.

“Baba yangu alifia hospitali, nje ya makazi,” akasema. “Nilikuwa na kibali cha kwenda kumzika. Askari akakisoma, akaona tarehe imepita jana. Akanirudisha. Baba akazikwa na watu wasiomjua.” Akamwangalia mzee. “Wewe mwenyewe umekulia kulekule. Umeshaonyesha karatasi ngapi?”

Mzee akaangalia mikono yake.

“Mama, tunakuelewa,” mchungaji akasema. “Lakini huu ni utaratibu.”

“Hata ule ulikuwa utaratibu.” Akajifunga kitenge upya. “Huyu haonyeshi. Akiwa na kitu mfukoni haonyeshi, asipokuwa nacho haonyeshi. Nyie mnatafuta karatasi? Ninayo ya uraia wangu, nitawaletea msome mpaka mchoke.”

Mimi na kurasa zangu tatu hatukuwahi kufika hapo. Nilitaja haki kama mtu anayetaja bei ya kitu dukani. Mama alikuwa ameilipia.

Mchungaji hakuwatangaza. Nayasema haya wazi ili mtu asidhani hotuba ya mama ilibomoa ukuta. Wazee waliagana nasi kwa heshima, na Jumapili majina yaliyosomwa yalikuwa ya watu wengine, waliopeleka bahasha yao. Dada alikuwa kwenye kwaya, mstari wa mbele. Aliimba mpaka mwisho, akakunja joho, akamkabidhi kiongozi wa kwaya mkononi, akasema atalifuata wakimhitaji. Hakuondoka kama mwizi. Alitokea mlango mkubwa, na mama nyuma yake.

Jumatatu tulikwenda ofisi ya serikali mjini kutoa taarifa ya ndoa: wao wawili, mama na mimi. Dada alikuwa amebeba mkoba mkubwa, na najua kila kitu alichokuwa nacho humo, hata kadi ya kliniki, kwa sababu aliupanga mara tatu. Karani, kijana wa rika langu, alichukua vyeti vya kuzaliwa, akachukua picha, akaandika majina, umri na kazi, akaeleza kwamba tangazo litabandikwa ubaoni siku ishirini na moja ili mwenye pingamizi ajitokeze. Akafunga faili.

Dada hakuinuka. Mikono yake ilikuwa juu ya mkoba.

“Hakuna kingine mnachotaka?” akauliza.

Karani akalifungua faili tena, akahesabu kwa kalamu, akalifunga. “Kingine kama nini, dada?”

Dada akamwangalia mchumba wake, kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu kikao cha kwanza, mpaka karani naye akacheka bila kujua kwa nini.

“Hicho kingine ulichoniuliza,” dada akasema, akasimama. “Hakuna.”