Harara na Dirisha la Bibi

Juzi binti yangu kaniletea mjukuu wangu, kamfunga kama sambusa. Sweta, kofia, soksi, na juu yake blanketi, na joto hili la Kaskazi limepamba moto. Nilipomfungua shingo nikakuta harara imemjaa, vipele vidogo vyekundu, na poda iliyoloa jasho imegandamana mikunjoni kama unga wa chapati. Harufu ya poda ile iliyochanganyika na mafuta ya nazi ndiyo iliyonimaliza. Nilikaa naye mapajani, lakini mimi nilikuwa nimesharudi chumba cha ndani cha bibi yangu, Mji wa Kale, miaka ya tisini, nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji.

Ungeiona nyumba ile. Kuta nene za matumbawe, kichochoro chembamba, asubuhi kinanukia mahamri, jioni samaki wa kukaanga. Mama alikuja kwa mamake kujifungua, kama ilivyo ada yetu, na arubaini yake ilikuwa haijatimia. Bibi alimlaza chumba cha ndani, kigae cha makaa na ubani chini ya kitanda, dirisha la mbao limetiwa komeo. Ndugu yangu mchanga alipakwa mafuta ya nazi mwili mzima, akamwagiwa poda, akazongwa leso na blanketi.

Sababu ya lile komeo tuliijua hata sisi watoto. Bibi aliwahi kuzaa mtoto wa kiume chumba kile kile, akafa kwa kichomi. Kwake yeye, ni upepo uliopita dirishani ukamchukua. Na ndugu yangu alipewa jina la yule yule. Mchana, nyumba imetulia, nikipita mlangoni nilimsikia Bibi akimwongelesha mtoto: "Safari hii sikuachi, baba. Hapiti mtu hapa." Nilipita mbio. Nilihisi pale kitandani wamelala watoto wawili.

Harara ilianzia shingoni, ikashuka mgongoni na kwapani. Bibi akazidisha mafuta, na vipele vikazidi. Mtoto alilia kutwa. Jirani ambaye dirisha lake lilitazamana na letu hakujizuia.

"Jamani, mtoto huyo mnamlea au mnamwoka?"

"Oka mikate yako wewe," Bibi akamjibu kupitia mbao. "Sisi tuna kizazi cha kulinda."

Siku moja nilirudi kutoka bombani na ndoo yangu kichwani, nikakuta nyumba kimya. Halii. Nikasema basi, yule wa kwanza kaja kumchukua mwenziwe. Kutoka mlangoni nilimwona mama kitandani amempakata, mtoto mwekundu, shingo imelegea, mdomo wazi.

Mama hakuwa mtu wa kumjibu mamake. Akiambiwa kaa, anakaa. Siku ile alishuka kitandani, akamvua mtoto blanketi, leso na kila kitu, akavitupa sakafuni. Bibi akasimama akaziba dirisha kwa mwili wake.

"Utaniulia mtoto. Upepo huo."

"Mama," mama akasema, polepole kabisa, "huyu si yule."

Nilidhani atapigwa kofi. Bibi alimtazama, akamtazama mtoto, kisha akageuka, akatoa lile komeo kwa mkono wake mwenyewe.

Ndoo yangu ya maji ya bomba ndiyo iliyomwosha. Bibi akampepea kwa kipepeo cha ukili huku baba yangu, aliyekuwa barazani, akikimbilia teksi, maana mtoto aliyechemka akalegea hangojwi, hupelekwa hospitali. Kabla teksi haijafika alishaanza kulia. Sijasikia tena kilio kitamu kama kile.

Waliporudi, mafuta na poda vikawekwa kando. Akawa anaogeshwa maji ya uvuguvugu, anakaushwa mikunjo kwa kitambaa laini, analazwa na leso moja kuukuu, nyepesi. Harara ikanyauka yenyewe. Lakini kila upepo ulipoinua ile leso, Bibi aliinuka alipo, akaweka kiganja kifuani pa mtoto, akangoja mpaka kifua kiinuke kwa pumzi. Alifanya hivyo hata mvulana alipoota ndevu, akimkuta kalala.

Bibi hayupo tena. Nyumba imevunjwa, pamesimama orofa yenye maduka chini, na vigae vya uzazi hata wa kuuza sivioni. Ndugu yangu ana kitambi na watoto wake.

"Niliogopa baridi, mama," binti yangu akajitetea.

"Baridi ya Mombasa hii? Harara ni jasho lililozibiwa njia, nawe umeliziba kwa blanketi na mafuta. Vipele vikitunga usaha au akipata homa, daktari. Vingine vyote, mwache apumue."

Mimi shule sikufika mbali, lakini wajukuu wangu wana ngozi za kutamaniwa, na hilo nalisema bila haya.

Nikamvua yote, nikamlaza, nikafungua dirisha. Upepo ukaingia. Mkono wangu ukaenda wenyewe kifuani pake, ukangoja.