Majina Juu ya Mwamba wa Michembe

Baba aliporudi kutoka Unguja kuchuma karafuu, hakurudi kukaa. Alirudi kutuchukua. Mwenye shamba alikuwa amempa chumba na mahali pa kulima muhogo, na safari hii haikuwa ya msimu, ilikuwa ya kuhamia. Siku zile za Mwingereza vijana wengi wa kwetu walivuka bahari kutafuta fedha za kodi na nguo, lakini kubeba mke na watoto, hilo lilikuwa jambo la kuwakalisha watu chini.

Kijiji chetu kilikuwa kaskazini ya mji wa Tabora, kando ya njia ile ya zamani waliyopita wapagazi. Nyumbani tulikuwa baba, mama, mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, mimi, na Bibi, mama yake baba. Miguu ya Bibi ilikuwa imevimba, safari haiwezi. Na desturi ya kwetu kila mtu aliijua: mzee haachwi peke yake. Mjukuu wa kike hubaki amchotee maji na kumwashia moto. Mjukuu wa kike nilikuwa mimi tu.

Hakuna aliyenitamkia neno hilo. Nikawa naangalia vitu vinavyofungwa, nione kama na changu kimo. Mama alitoa mtama kwenye kihenge, akausaga, akajaza unga katika kilindo, lile sanduku la gome la mti. Mbuzi wakaenda kufugwa kwa mjomba. Vyungu vikubwa akapewa jirani yetu, akavipokea analia, na huku analia akauliza kama kinu nacho hakiendi. Kwa kitambaa alicholeta baba, mama alimshonea mdogo wangu nguo. Kilichobaki akakikunja, akakiweka juu ya dari. Sikuthubutu kuuliza ni cha nani.

Nilimsikia mama akimwomba baba waondoke na mimi, binti wa jirani aje alale kwa Bibi. Baba akajibu kwamba hawezi kumkabidhi mama yake kwa mtoto wa watu. Bibi mwenyewe ndiye atakayesema.

Bibi hakusema. Aliniita mwambani, mahali tulipoanika michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande, chakula cha safari kisichooza.

"Njoo hapa, mke mwenzangu," alisema. "Mikono yako ina kazi, masikio yako yamekaa bure."

Akaanza kunifundisha majina ya wafu wetu. Kila jina, nalaza kipande cha kiazi juu ya mwamba. Safu ya kwanza watu wa babu, safu ya pili watu wa kwao Bibi. Safu ya tatu waliokufa wachanga, ambao wengi huwaruka. Bibi alisema hao ndio wa kuitwa kwa sauti, kwa sababu hawakupata muda wa kuzoea majina yao. Nikikosea alinitania. Mara nimemwoza mtu kwa dada yake, mara nimemruka mzee mmoja mkali ambaye atakuja kunikalia tumboni nikilala. Majina yenyewe siyaandiki hapa. Alisema ni ya kinywa. Ninayo yote mpaka leo.

Basi nikajua nimekwisha. Nani hufundishwa majina ya wafu kama si yule atakayebaki na makaburi? Nilijifunza huku machozi yananidondokea kwenye viazi, na Bibi akaniambia viazi havitaki chumvi.

Siku moja kabla ya kuondoka, alitukusanya mbele ya mlango. Alikuwa amekoroga unga wa mtama na maji katika kibuyu, kama inavyofanywa mtu akienda mbali. Baba alikuwa amebatizwa kwa Wamoravian, akasimama pembeni, lakini kofia alivua. Kibuyu Bibi hakukishika. Alinipa mimi.

"Waite," akasema.

Michembe ilikuwa imekwisha kufungwa, sikuwa na cha kutazama. Nikafumba macho nikauona mwamba. Nikawaita safu kwa safu, nikimwaga kidogo kidogo, mpaka wachanga wa mwisho. Nilipofumbua macho, Bibi alikuwa anamtazama baba.

"Huyu anakwenda," alisema.

"Mama, na wewe atakuchotea maji nani?"

"Maji yapo na watu wapo. Baba yako alibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Mwenzake alifia njiani, na katika msafara mzima hakuna aliyejua watu wa kwao, awaite waje kumpokea. Wakamfukia kama kisiki. Huku majina yana mimi. Kule yana nani?"

Baba akasema polepole kwamba hata kule Mungu yupo.

"Basi mtajie huyo Mungu wako majina ya watu wako," Bibi akasema. "Maana wewe nimekufundisha, ukayasahau."

Mama aliingia ndani akatoka na kile kitambaa, akakaa papo hapo kunishonea kabla jua halijazama. Upindo ulikwenda upogo, na sikuwahi kuona nguo nzuri kama ile.

Alfajiri Bibi hakutusindikiza kwenye garimoshi. Alikaa mwambani kwake. Nilipoinama kumuaga, alinivuta akaninong'oneza jina lake. Sikuwa nimewahi kulisikia, maana sisi tulimwita Bibi, na wakubwa walimwita kwa jina la baba, mama wa fulani.

"Langu liweke mwisho, nyuma ya wale wachanga, niwabebe," alisema. "Ila usilitaje mpaka usikie habari."

Njiani mama alipotupa michembe, nilitafuna taratibu kwa woga, kila kipande nakiona mtu. Mama akaniambia nile tu, hao wametoka nyumbani ili watushibishe.

Unguja nikawaita kila mwaka nyuma ya chumba chetu, kwa unga wa muhogo, maana mtama haukuwepo. Baba alikuwa akipita kama haoni. Kisha msimu mmoja wakaja wachumaji wapya kutoka kwetu, na mmoja wao akamwita baba kando, chini ya mikarafuu. Baba alinijia jikoni, vidole vyake bado vina harufu ya karafuu. Hakutamka kifo.

"Lile la mwisho, alilokunong'oneza," akasema. "Sasa litaje."

Nikalitaja. Akaketi chini karibu na mafiga, akavua kofia.

"Anza tena toka mwanzo," akaniambia. "Taratibu, mwanangu, nikufuate."