Nililia msibani kwa mama, watu wakacheka

Habari za humu, wakuu.

Mie ni msomaji wa kimya kimya, miaka yote napita tu na kuondoka. Leo naandika ya kwangu, na sitaongeza chumvi. Wapo watakaonitambua kabla ya kufika mwisho. Mkinitambua, naomba msinitaje.

Nilikuwa mchekeshaji wa TV. Nilicheza mume anayenyanyaswa na mkewe, anaitwa Baba Kwikwi. Kila episodi ilikuwa lazima ifike mahali nalia. Mabega yanaruka, pumzi inakata, sauti inatoka nyembamba kama paka aliyebanwa na mlango.

Watu walikuwa wanacheka mpaka wanajishika mbavu.

Kitu ambacho hawakujua ni kwamba ile haikuwa acting. Ndivyo ninavyoliaga tangu mdogo. Prodyuza alinikuta Mikocheni, nje ya studio, nimekosa nafasi kwenye usaili, nimekaa kwenye ngazi nalia kweli. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akaniambia, "Hicho hicho. Usibadilishe chochote."

Ndo nikapata kazi.

Mama alikuwa anaishi Chanika. Kwetu ni kusini, Newala, ila baba alipofariki mama akaja Dar, akapata kiwanja huko kabla hakujajaa nyumba. Alikuwa analima mihogo na kunde. Nilipoanza kushika hela nikampelekea TV kubwa. Kipindi changu hakukikosa hata wiki moja, lakini ikifika sehemu ya kulia, anazima.

"Mama, ule ni mchezo tu," nilimwambia.

"Najua, baba. Ila mie ndo niliyekuwa nakunyamazisha. Siwezi kukaa na majirani wanacheka, mie nakuangalia unalia."

Nikacheka, nikabadilisha mada.

Sasa ustaa wenyewe, wakuu. Nilikuwa nimepanga Sinza. Siwezi kutoka kununua chipsi bila mtu kupaza sauti, "Baba Kwikwi, lia kidogo!" Ukikataa, unaringa. Basi nikawa nalia. Nimelia sokoni, nimelia benki, nimelia kwenye harusi ya watu nisiowajua.

Presha ilipoanza kunisumbua nikaenda hospitali. Daktari akaniambia bila kupepesa kwamba nipumzike, nilale vizuri, la sivyo nitaanguka. Huku ananieleza hayo, nesi aliyekuwa ananifunga kile kitambaa cha kupimia ameshika simu kwa mkono mwingine, ananirekodi.

Nikamuomba prodyuza mapumziko.

"Ukipumzika wewe, watu wanamsahau Baba Kwikwi," akasema. "Na ukumbuke jina lile ni la kituo, sio lako."

Alikuwa sahihi, mkataba ulisema hivyo. Hata kunyoa ndevu ilikuwa lazima niombe ruhusa. Mtu mzima, na ndevu zangu mwenyewe!

Tuendelee.

Siku moja tuko location tunarekodi, mdogo wangu Zuhura akapiga simu. Hakuwa na maneno mengi.

"Kaka, njoo nyumbani. Mama katuacha."

Alianguka shambani asubuhi. Hawakuwahi kumfikisha hospitali.

Nilifika Chanika nikakuta turubai limejaa mpaka barabarani. Sikujua kama mama alikuwa na watu wengi vile. Baadaye ndo nikaelewa, wengine walikuja kumuona staa.

Njia nzima nilikuwa nimejikaza. Lakini pale barazani waliliweka jeneza la msikiti, tupu, linamsubiri. Nilipoliona nikashindwa. Kwikwi ikaja, mabega yakaanza kuruka, ile sauti ikatoka.

Nikasikia mtu nyuma yangu amecheka.

Nadhani hata yeye alijaribu kuzuia, maana kicheko kilimtokea puani. Mwingine akacheka kwa sababu ya yule. Ikasambaa. Wamama waliokuwa wanalia ndani wakanyamaza, wanasikiliza kuna nini nje. Simu zikainuliwa.

Nikajaribu kulia namna nyingine. Hebu fikirieni, uko msibani kwa mama yako mzazi, unatafuta kilio ambacho hakichekeshi. Sikukipata.

Mjomba, mdogo wake mama, akaja kunishika mkono.

"Mwanangu, ingia ndani."

"Mjomba, nalia kweli."

"Najua unalia kweli. Wao hawajui. Ingia, tumsitiri dada yangu."

Zuhura akanipeleka chumbani kwa mama, akafunga mlango. Akavua khanga ya juu, akanifunika kichwa. "Lia sasa. Niko mie tu hapa."

Haikuja. Ilikuwa imekata kabisa.

Makaburini nilishuka na mjomba kumpokea mama. Macho makavu. Watu wakanisifu kwamba nimejikaza kiume. Kumbe nilikuwa naogopa watacheka tena, na mama yuko mikononi mwangu.

Kufika jioni klipu iko kila mahali. Nilisoma komenti moja moja, natafuta aliyeandika pole. Wachache walikuwepo. Wakajibiwa, "Acheni ushamba, hiyo ni muvi."

Prodyuza naye akapiga kunipa pole. Namshukuru kwa hilo. Ila kabla ya kukata akaongeza, "Braza, ukishatulia tuongee kuhusu episodi ya msiba. Ile klipu watu wameipokea vizuri sana."

Nilikata simu. Sikurudi tena. Jina niliwaachia, nasikia wamemuweka kijana mwingine na anajitahidi.

Sasa hivi naishi Chanika, kwenye nyumba ya mama. Nafuga kuku, nalima lile shamba lake. Dawa za presha nakunywa, na vipimo vimekuwa vizuri kidogo. Asubuhi naamka natoka na ndevu ninazotaka. Kulia bado. Kuna siku kwikwi inakaribia, nakaa kitako nasubiri, halafu inapotea hivi hivi. Zuhura anasema itakuja tu, nisiilazimishe.

TV siichukii. Ilinilisha, na mama alikula humo humo. Ila nyie vijana mnaotaka kutoka kimaisha kwa comedy, someni mikataba, halafu mjiulize ni kitu gani chenu mnakipeleka pale. Mie nilipeleka kilio changu. Siku nilipokihitaji mwenyewe, kilikuwa cha watu.

Uwanja wenu sasa, wakuu. Ulizeni, nisemeni, hata kunipinga sawa. Utani tu ndo naomba usiwepo kwenye uzi huu.

Na kama uliiona ile klipu ukacheka, sina kinyongo na wewe. Ila pale palikuwa na mtu anayezikwa, na kwenye klipu hakuna anayemtaja. Aliitwa Somoe binti Hassani.

Ukitaka kuandika pole, anza na jina lake.