Majivu ya Chome, Ndimu za Same

Kila ninapokamua ndimu kwenye ndoo ya kumwagilia maua, harufu yake inanirudishia wivu. Wenzangu inawakumbusha supu.

Tulipohama Chome, juu milimani, kwenda Same mjini, Mama alishuka na vijiti viwili vya waridi, kavifunga kwenye gome la mgomba. Kimoja alikipanda mbele ya nyumba, kingine akampa jirani, Mama Neema, ili ujirani uanze vizuri. Ulianza vizuri kupita kiasi: waridi la kwao likajaa maua, la kwetu likageuka njano.

Mama alikuwa na dawa. Chome udongo ni mchachu, na bibi alizoea kukoroga majivu ya jikoni kwenye maji ya kumwagilia mboga, zikanawiri. Basi nasi tukamwagilia majivu. Njano ikazidi. "Ongeza," Mama akasema, nami nikaongeza kwa moyo wote, maana Neema alikuwa akienda shule ya Jumapili na waridi kifuani, na mwalimu akimkalisha mbele. Mimi nilikaa nyuma, nikiomba linyauke. Mungu hakunisikia, nadhani naye alikuwa analitazama.

Jioni moja Mama Neema akachungulia juu ya uzio wa michongoma.

"Mama Elia, unaliua hilo waridi!"

"Kivipi, mwenzangu?"

"Maji ya huku yana magadi. Huoni sufuria zinavyoota ukoko mweupe? Halafu wewe unaongeza majivu, magadi juu ya magadi! Kamulia ndimu, yachachuke kidogo."

"Haya, asante." Mama akaingia ndani na kufunga mlango, katika joto lile la Same. "Waridi nimelibeba mimi," akaniambia, "aje kunifundisha?"

Majivu yakaendelea. Kisha asubuhi moja, akinifunga vifungo vya shati, vidole vyake vikanuka ndimu. Baadaye likachanua ua moja, dogo. Alilibandika kifuani pangu, nikakaa mbele, na hapo ndipo nilipoona kwamba la Neema lilikuwa kubwa zaidi.

Chuo kikuu walinifundisha mambo ya tindikali na magadi hadi nikatunukiwa shahada, lakini hakuna mhadhara ulionieleza kwa nini Mama alichelewa. Mimi nilimwonea Neema wivu wa ua. Mama alimwonea Mama Neema wivu wa kuyajua maji ya pale, maji ya kwao. Katika kila kopo la majivu, alikuwa bado yuko kwa bibi. Lori lilishusha vyombo vyetu mapema. Mama mwenyewe alihamia Same asubuhi ile ya ndimu.