Upepo wa Saa Tisa

Mdogo wangu anachechemea, na pale njia panda ya Mkiwa kila mtu anajua sababu: aliachia mafuta alipokuwa anaruka na pikipiki. Aliogopa. Bodaboda wenzake wakimwona dereva anasita kukatiza mbele ya lori humpigia kelele, "Unaachia kama yule?" Mdogo wangu hucheka nao huku akiendelea kuziba pancha. Mimi hupita na begi langu la madaftari, naitikia shikamoo za vijana, naenda zangu.

Nafundisha fizikia sekondari. Mwaka alioumia, bodaboda wa kijiwe chake walikuwa wamejijengea banda la kusubiria abiria, wakaalika kiongozi aje kulizindua. Mdogo wangu akaamua kuinogesha sherehe: angeruka na pikipiki juu ya magunia kumi na mawili ya alizeti. Nilipomkatalia alinijibu, "Dada, nitaruka tu. Chagua wewe, niruke kwa hesabu au niruke kwa kubahatisha."

Nikachagua hesabu. Nisijifanye nililazimishwa, nilifurahi. Miaka yote nimefundisha habari za mipira inayorushwa kutoka juu ya majengo marefu ambayo wanafunzi wangu hawajawahi kuyaona, na sasa mtu alikuwa ananiuliza swali la kweli.

Mshale wa spidi wa pikipiki yake ulikuwa umekufa. Tajiri wake, mwenye pikipiki, alichomoa waya makusudi, ili siku ya kuiuza ionekane haijatembea sana. Basi nikasimama kando ya barabara na simu, nikapima sekunde anazotumia kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine akiwa gia ya tatu, amevuta mafuta yote. Asubuhi tatu mfululizo, kabla sijaingia darasani. Majibu yalikaribiana mno hadi nikajisifu. Mbao ya kurukia tuliiweka mbele tu ya nguzo zile, tukaiinua nyuzi ishirini, nikipima kwa kipimapembe cha ubaoni. Ng'ambo ya magunia tukalundika udongo wa kumpokea akitua, kimo kile kile cha mdomo wa mbao. Kwa mwendo ule angeruka mita tisa na kitu, na magunia yangebaki nyuma yake kwa zaidi ya nusu mita. Nusu mita niliiona nyingi. Nikamwandikia yote kwenye karatasi ya daftari, nikalipigia jibu mistari miwili kama ninavyowafundisha darasani.

Mgeni rasmi alitangazwa kufika saa nne asubuhi. Saa nne ikapita, saa sita ikapita, kwaya ikaimba nyimbo zake zote ikarudia ya kwanza. Watu wazima na akili zetu tulikaa juani, kwa sababu kwetu bila mgeni rasmi hakianzi kitu, hata chupa za maji za meza kuu hazifunguliwi. Alifika saa tisa kasorobo, hakuomba radhi, tukampigia makofi. Nami nilipiga. Hadi leo nikiyakumbuka makofi yale nasikia hasira.

Saa tisa, Singida, miezi ya mavuno. Nimekua nikimsaidia mama kupepeta mtama, na mama hakuwahi kupepeta asubuhi. Alisubiri saa hiyo hiyo, upepo wa mashariki ukishaamka, ndipo ainue ungo, na makapi yanaenda hadi ua wa jirani. Siku ile turubai la meza kuu lilikuwa linapigapiga na mama ameishika kanga yake kichwani kwa mikono miwili. Akaniinamia, akaniambia kwa Kinyaturu kwamba upepo umekuwa mkali, mtoto aruke kesho asubuhi.

"Mama," nilimjibu, "hesabu zimeshafanyika."

Ndivyo nilivyosema. Vitabu vyetu, kwenye kila swali la aina ile, huandika kwamba ukinzani wa hewa upuuzwe. Nilikuwa nimeupuuza ubaoni kwa miaka, nikaupuuza na upepo huu uliokuwa unanitia mchanga machoni.

Mdogo wangu alipozipita zile nguzo nilihesabu kwa mdomo, kwa mazoea tu, na kabla hajaigusa mbao nikajua kwamba amechelewa, sekunde zimezidi. Upepo ulikuwa unamkabili kifuani. Injini inalia kwa mafuta yote, pikipiki haichanganyi mwendo. Nilisimama nikapiga kelele, spika zikazimeza. Gurudumu la mbele lilivuka. La nyuma lilikita kwenye gunia la mwisho, pikipiki ikapinduka ikamwangukia. Goti lake halijakunja vizuri tangu siku hiyo.

Akiwa bado chini, wenzake walianza kuuliza kwa ukali ni nani aliyepiga zile hesabu. Mdogo wangu alinitazama. Kisha akasema kwa sauti, "Hesabu za dada ziko sawa. Ni mimi niliachia mafuta. Niliogopa."

Nilikuwa nimeisikia injini. Hakuachia hata kidogo. Nilijiambia nitasema hospitalini, halafu nikajiambia nitasema akianza kutembea. Shuleni walinipa pole, wakasema ndugu zetu hawa hata uwasaidie vipi, na mimi nikazipokea pole zao na chai. Mama hakuniuliza kitu. Angeniuliza ningesema, au ndivyo ninavyopenda kuamini.

Mwezi uliopita nilikwenda kibandani kwake nikiwa nimeazimia kulimaliza jambo hili. Nilikaa kwenye tairi bovu, nikamsubiri amalize kujaza upepo gurudumu la mteja. Alipoondoka mteja, yeye ndiye akawahi kuzungumza.

"Dada, nikuulize kitu. Hivi siku ile kwa nini niliogopa? Nimelisema mara nyingi mpaka nami naliamini, lakini nikikaa peke yangu sikumbuki kuogopa."

Alikuwa ananitazama kama alivyonitazama akiwa chini. Maneno nilikuwa nayo mdomoni.

"Ni kawaida," nikamwambia. "Mtu yeyote angeogopa."